Cherehani ya mtumba iliyokuwa inaruka: uzoefu wangu na fundi wa Majengo

Agosti mwaka huu nilinunua cherehani ya kiwandani ya mtumba, ya sindano moja, iliyotoka Japani. Miaka sita nilikuwa nashonea ya kukanyaga hapa Chang'ombe, Dodoma, na sare za shule zilikuwa zimeanza kunizidi nguvu. Mzazi anayeleta kitambaa tarehe 28 Desemba hataki kusikia habari za miguu kuuma. Nikalipa 520,000, meza na mota humo humo, nikaipakia kwenye kirikuu. Usiku ule nilikuwa naifuta tu, sikushona kitu.

Muuzaji aliijaribu mbele yangu kwa kitenge na mshono ukawa umenyooka kabisa. Nyumbani nikaweka kaki ya kaptula, ikaanza kuruka. Inashona mishono saba mizuri, wa nane haupo, kisha mitatu, halafu pengo tena. Pale kitambaa kinapokunjwa mara tatu, kwenye pindo na kiunoni, ndipo uzi ulipokuwa unalala juu tu bila kushikwa na wa chini. Kaptula ya mtoto wa darasa la pili haiwezi kwenda shuleni namna ile.

Kabla ya hapo kuna jambo la mota ambalo naomba kila anayenunua mashine za Japani alisikie. Dukani waliiunganisha kwenye transfoma yao, nami sikuuliza kwa nini. Nilipoinama nyumbani kusoma kibati cha mota nikakuta imeandikwa volti 100, ndio umeme wa majumbani kule. Wetu ni 230. Ningeichomeka moja kwa moja ukutani ingeungua siku hiyo hiyo. Muuzaji hakunitajia, na hilo bado linaniuma, kwa sababu alijua naipeleka nyumbani. Ile kazi ya kujaribu kaki niliifanya kwa transfoma ya kuazima.

Fundi wa kwanza alikuja mpaka kwangu. Akakaza tensheni, akalegeza, akaweka sindano mpya, akashona kipande, ikaruka. Mwisho akasema ndoana ile inayozunguka chini imekufa, ninunue nyingine, 60,000, na ufundi juu. Nikamwambia nitafikiria.

Dada mmoja tunayenunua naye vitambaa ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Majengo, si mbali na soko. Kabanda kake ni kadogo, kamejaa vichwa vya cherehani. Nikampelekea mashine. Nilimwamkia, akaitikia, kisha swali lake la kwanza halikuwa la bei.

"Mwanangu, inaruka kwenye kitambaa gani?"

"Kaki, baba. Kwenye kitenge haina shida."

"Basi usinunue kitu kwanza."

Alifungua kifuniko cha ubavuni, akazungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikafika chini kabisa, akaniita nitazame. Ule mti unaoshika sindano una mistari midogo iliyochongwa. Sindano ikiwa chini kabisa, mstari wa juu unatakiwa ulingane na ukingo wa chini wa bushi, ile bomba fupi ambamo mti hupanda na kushuka. Wa kwangu ulikuwa umezama ndani, hauonekani. Akasema huko ilikotoka sindano iliwahi kugonga kitu kigumu, na mti ukasukumwa juu. Hapo nikaelewa kitu ambacho kwa miaka yote sita sikuwahi kuelezwa. Mshono haufungwi sindano inaposhuka. Inafika chini, inaanza kupanda kama milimita 2 hivi, uzi nyuma yake unafura na kuwa kitanzi, na dakika ile ile ncha ya ndoana inapita kukidaka, juu kidogo ya tundu la sindano. Mti ukikaa juu kuliko inavyotakiwa, ncha inapita chini ya pale kitanzi kilipo. Kitambaa chepesi kinakusamehe. Kaki haisamehe.

Aliushusha mti, akalegeza skrubu za ndoana, akaipanga upya taimingi, yaani wakati wa ncha yake kukutana na sindano. Ncha ikae karibu na sindano bila kuigusa. Nafasi aliyoiacha hata karatasi ya daftari ingebanwa. Ndoana yenyewe ilikuwa nzima, ina kikwaruzo kimoja tu alichokilainisha kwa msasa laini sana. Ile 60,000 ingekwenda bure.

Sindano nayo ilikuwa na kosa lake. Hizi za kiwandani, aina ya DBx1, shina lake ni la duara, si kama za nyumbani zenye upande bapa unaokulazimisha kuiweka sawa. Ukikosea kidogo imegeuka. Mfereji mrefu wa sindano, ule unaopita uzi, lazima uangalie kushoto. Tena fundi wa kwanza aliniwekea namba 11, ya kitambaa chepesi kama poplini. Kwa kaki mzee aliweka 16.

Meno ya kusukuma kitambaa aliyapandisha yatokeze karibu milimita 0.8. Mafuta ndiyo yaliyonisikitisha. Kwenye sinia lake chini ya mashine yalikuwa meusi, mazito, yamechanganyika na nyuzi na vumbi. Alimwaga yote, akaosha, akaweka meupe ya cherehani, akaiendesha polepole dakika 10 huku tukiangalia kile kidirisha cha juu mpaka mafuta yakaonekana yanaruka. Kwa upepo wa Dodoma wa kiangazi, mashine ikiachwa wazi siku moja tu mezani unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Yangu sasa hulala imefunikwa khanga mbili.

Mota ya zamani tuliiacha. Nilinunua ya servo ya wati 550 kwa 190,000, inaingia moja kwa moja kwenye umeme wetu. Ile ya zamani, ya klachi, huzunguka na kuunguruma hata ukiwa unapanga kitambaa. Hii ukitoa mguu inanyamaza, na kwenye LUKU naona tofauti. Mwendo pia unaupunguza, jambo lililonisaidia sana wiki ya kwanza, maana kutoka kwenye kukanyaga ile kasi inatisha.

Ufundi mzee alinitoza 45,000, mafuta na sindano pembeni. Malalamiko yangu ni mawili. Aliniahidi Jumanne, nikaichukua Ijumaa, na simu hapokei akiwa kazini, kwa hiyo ni kwenda na kurudi kwa bodaboda. Risiti pia sikupata. Hata hivyo nampa tisa kwa kumi, kwa sababu alinionyesha kila alichokigusa, na siku nyingine ikiruka najua mstari wa kuutazama kabla ya kumwita mtu.

Tangu hapo nimeshona kaptula 64 za kaki, na iliporuka mara moja ilikuwa sindano butu. Kimebaki kitu kimoja: asubuhi mafuta hutokeza kidogo pale penye sindano, kwa hiyo nashona kwanza kwenye kitambaa chakavu ndipo niguse shati jeupe. Mzee amesema nimpelekee Januari, sare zikiisha.