Njia za mzunguko za bonde la Lot: siku tatu kwa miguu na mama mdogo

"Tunakwenda wapi?" mama mdogo aliniuliza tukiwa kituoni Tour-de-Faure, kijiji cha bonde la mto Lot kusini magharibi mwa Ufaransa, basi la kutoka mji wa Cahors ndiyo kwanza limetushusha. Nikamwambia tutavuka daraja, tupande mpaka Saint-Cirq-Lapopie, tushuke mtoni hadi Bouziès, kisha turudi kwa njia ya juu mpaka hapahapa. Akanitazama. "Yaani mwanangu, tutembee siku nzima turudi tulipotoka?" Yeye ni mtu wa Lushoto. Kwao mtu akivaa viatu anakwenda sokoni, zahanati au msibani, na akirudi anarudi na kitu.

Mimi huu ni mwaka wa sita naishi Toulouse na sina gari. Kwa mtu kama mimi, njia ya mzunguko ni neema: unaanzia kwenye kituo cha basi na unaishia hapohapo, huhitaji mtu wa kuja kukuchukua. Wafaransa huziita PR, na nyingi ni za saa mbili mpaka siku nzima. Alama yake ni mstari wa rangi ya njano uliopakwa kwenye mti, jiwe au nguzo ya umeme. Mstari mnyoofu, endelea. Mstari wenye mkono uliopinda, kata kona. Ukiona X, hiyo si njia yako, rudi. Zile ndefu zinazovuka mikoa, GR, zina mstari mweupe juu ya mwekundu. Kazi hii ya kuweka alama ilianza mwaka 1947, na leo shirikisho la watembeaji la Ufaransa, FFRandonnée, linahesabu zaidi ya kilomita 180,000 nchi nzima. Wanaozunguka na kopo la rangi na brashi ni watu wa kujitolea, na wewe mtembeaji hulipi hata senti moja. Jambo hilo linanigusa kila ninapouona mstari mpya uliopakwa vizuri katikati ya pori ambapo hata mbwa habweki.

Hata hivyo nunua ramani. Ile ya IGN, taasisi ya taifa ya ramani, ya 1:25,000, sentimita nne kwa kilomita moja, ndiyo iliyotuokoa siku ya kwanza. Huko juu mwaloni uliokuwa na alama ulikuwa umeanguka, nasi tukapita njia panda bila kujua. Tulitembea kama dakika ishirini ndipo mama mdogo akasema hajaona njano muda mrefu. Simu haikuwa na mtandao. Kwenye ramani tukaona ukuta wa shamba na kijia cha kurudi.

Saint-Cirq-Lapopie yenyewe sitaisemea sana, picha zake mmeziona. Ni kijiji kilichoning'inia juu ya jabali, paa za vigae vya kahawia, na mwaka 2012 Wafaransa walikichagua kwenye televisheni kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo vichochoro vinajaa. Kilichonivutia ni habari ya mafundi wake wa zamani: walikereza mbao kutengeneza bomba za mapipa ya mvinyo, kazi iliyolisha familia nyingi hapo kwa vizazi.

Na mapipa hayo yalipita chini mtoni. Mashua zilibeba mvinyo kuteremka Lot hadi Garonne na kufika Bordeaux, na kurudi juu zilikokotwa kwa kamba kutoka ukingoni. Karibu na Bouziès jabali linaangukia majini moja kwa moja, hapana pa kukanyaga, kwa hiyo katika karne ya 19 wakachonga njia ndani ya mwamba wenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ninayowasihi msiikose. Unatembea chini ya dari ya jiwe, ukuta upande mmoja, maji ya kijani upande wa pili, na sauti yako inakurudia. Kipande kimoja cha ukuta mchongaji Daniel Monnier amekijaza maumbo ya kuchonga, na mama mdogo alipitisha kiganja chake juu yake taratibu kama anayekagua kitenge. Akauliza waliochonga njia walilipwa nini. Sikuwa na jibu. Reli ilipofika bondeni, mashua zikapoteza kazi, njia ikabaki. Miamba huko huweza kumeguka na njia hufungwa mara nyingine, hivyo ulizieni ofisi ya utalii kabla ya kushuka.

Ushauri wangu wa dhati: igeuzeni njia kuliko tulivyofanya sisi. Piteni juu asubuhi, mtoni mchana. Uwanda wa juu, wenyewe wanauita causse, ni mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha inazama ardhini, hakuna kijito wala chemchemi. Mialoni ni mifupi, kivuli chake haba. Tulikuwa mwezi wa tano tu, na lita mbili kila mmoja hazikutosha. Mkiishiwa tafuteni makaburi ya kijiji, mara nyingi pana bomba. Someni kibao: "eau potable" mnakunywa, "non potable" mnanawa tu.

Lakini huko juu ndiko mama mdogo alikotulia. Kuta za mashamba zimepangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji, na kuna vibanda vya mviringo vya wachungaji vilivyojengwa hivyohivyo mpaka paa. Aliingia kimoja, akakaa, akasema kuna ubaridi. Kondoo wa kule wana weusi kuzunguka macho, kama wamevaa miwani. Tulimkuta mzee akirekebisha fito za lango. Mama mdogo hajui Kifaransa zaidi ya "bonjour", akaitoa kwa kuinama kidogo kama anavyomwamkia mkubwa nyumbani. Mzee akavua kofia. Wakasimama pale, kila mmoja kwa lugha yake, wakioneshana fito. Kijijini Ufaransa usipite mtu bila salamu. Wanaoikosa hupokelewa kwa baridi, nasi tuliolelewa na shikamoo hatupati shida hapo.

Chakula kiandaeni mapema. Maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa mbili au zaidi, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Nyumba ya wageni tuliyolala usiku wa kwanza niliwaambia kwa simu kwamba hatuli nguruwe. Supu ikaja na vipande vya nyama yake. Waliomba radhi na kutukaangia mayai, ila mama mdogo alilala bila raha. Andikeni kwa ujumbe, "sans porc", na mrudie kusema mkifika. Jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour pamoja na mkate vilitushibisha siku mbili zilizofuata.

Siku ya pili tulizunguka Cabrerets na kuingia pango la Pech Merle. Wekeni nafasi mapema, kwa siku huingia watu 700 tu. Farasi wa madoadoa waliochorwa humo wana umri wa miaka 29,000 hivi, na pembeni yao kuna alama za viganja vya watu. Mama mdogo alikumbuka michoro ya Kolo, Kondoa, aliyooneshwa akiwa mwanafunzi. Alinyamaza mpaka tulipotoka nje.

Msije siku za msimu wa mawindo, Septemba hadi Februari, bila nguo ya rangi kali. Mkiona kibao cha "chasse en cours" geuzeni. Jikagueni kupe kila jioni, hasa nyuma ya magoti.

Siku ya tatu, mzunguko mfupi wa asubuhi, tukarudi kwenye kituo kilekile Tour-de-Faure nusu saa kabla ya basi. Mama mdogo akafungua mkoba wake. Kumbe shambani karibu na Cabrerets alikuwa amenunua kilo ya kokwa za mjozi zenye maganda yake. Akaokota jiwe, akaanza kuzivunja kwenye ukingo wa barabara, moja yangu, moja yake.