Kigunduzi cha gesi kwa jikoni Mombasa: kipi kwanza, kipi mwisho

Unachonunua hasa ni punje ndogo ya oksidi ya bati, iliyopashwa joto na hita hadi nyuzi mia kadhaa. Kwenye joto hilo oksijeni ya hewani hung'ang'ania uso wa punje na kuzishika elektroni zake, umeme ukapita kwa taabu. Propani na butani za mtungi zikifika, huungana na oksijeni ile palepale usoni. Elektroni hurudi, ukinzani hushuka, king'ora hulia.

Chaguo la kwanza kwetu ni kigunduzi cha kuchomeka kwenye soketi chenye betri ya akiba ya kuchaji, sensa ya aina ya MQ-6, na alama ya EN 50194, kiwango cha Ulaya cha vigunduzi vya gesi vya nyumbani. Propani huanza kushika moto ikifika asilimia 2.1 ya hewa. Kigunduzi cha kiwango hiki hulia kabla ya moja ya tano ya hapo. MQ-6 haishtuki sana kwa moshi wala spiriti. MQ-2, sensa nyingine ya jamii hiyo, hushtuka: Alhamisi jioni chetezo cha udi kikipita sebuleni, italia, na mwishowe mtu ataichomoa.

La pili ni chenye vali ya kufunga gesi. Kizuri kwa mtungi wa kilo 13 wenye mpira mrefu. Meko ya kilo 6, yenye kichomeo juu ya mtungi wenyewe, haina pa kuifunga vali hiyo.

La tatu ni cha soketi bila betri. Stima ikipotea, nacho kimelala.

Cha betri za kawaida pekee kiulize maswali. Hita ya MQ-6 hula chini kidogo ya wati 1 mfululizo. Betri tatu za AA hazimalizi siku. Moduli tupu ya MQ, yaani sensa kwenye kibao chake bila king'ora wala kasha, waachie wanafunzi.

Kigunduzi kifunge sentimita 15 hadi 30 juu ya sakafu, maana gesi hii ni nzito na hutambaa chini. Kipya kiache kwenye umeme saa 24 kabla ya kukiamini. Unyevu wa pwani hushusha ukinzani kidogo, lakini adui mkubwa ni silikoni: fundi akiziba sinki, mvuke wake hugeuka utando wa silika juu ya punje. Taa ya kijani itaendelea kuwaka, na pua imeshakufa. Kwa hivyo kijaribu kila mwezi: kibiriti cha gesi, bila kuwasha, sekunde moja kando ya matundu. Kitufe cha majaribio peke yake mara nyingi hupima king'ora tu.