Katambuga za tairi kwenye miamba ya Mwanza: chukua zipi, acha zipi

Kwa anayepanda na kushuka vilima vya Mabatini au Igogo, mitaa ya Mwanza, kila siku, katambuga ni kiatu bora kuliko kandambili za plastiki. Soli yake haitobolewi kirahisi na kipande cha chupa, inashika mwamba mkavu barabara, na vidole vinapata hewa, kwa hiyo fangasi hawapati unyevu wa kustawi. Ila fundi na fundi si sawa, na asiyekagua hurudi nyumbani na kidonda.

Tazama tairi kwanza. Matairi mengi ya magari yana nyaya za chuma chini ya meno. Soli ikilika, ncha huchomoza, hushika kutu na kuchoma unyayo. Angalia ukingo uliokatwa: ukiona vitone vinavyong'aa, au sumaku ikinasa, rudisha. Zinazofaa ni za tairi lenye nyuzi za nailoni tupu.

Kisha misumari. Pitisha kidole gumba cha mkono ndani, ukikandamiza kila mahali mkanda unapoingia kwenye soli. Ukihisi kichwa cha msumari kimeinuka hata kidogo, mwambie fundi akigonge hapo hapo, maana uzito wa mwili utakiinua zaidi.

Mkanda wa kisigino usikosekane. Bila huo vidole hujikunja kushikilia kiatu kisichomoke, hasa mtelemkoni, na hapo ndipo sugu za juu ya vidole zinapoanzia. Kingo za mikanda ziwe zimepunguzwa makali, la sivyo zitakutoa malengelenge.

Pima jioni, mguu ukiwa umejaa, tena umesimama. Ibaki nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu, na pembeni nyama isimwagike nje ya soli. Siku za mwanzo vaa saa moja au mbili tu.

Udhaifu mkubwa ni ugumu. Soli ni bapa, haibebi uvungu wa mguu. Mwenye maumivu ya kisigino anapokanyaga chini asubuhi abandikiwe tabaka laini ndani, au aache kabisa. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni asivae: ataumia asijue. Na anayeingia ziwani kuvuta mtumbwi au kufua asijidanganye, kwa sababu vimelea vya kichocho hupenya kwenye ngozi yoyote iliyoguswa na maji. Hapo ni gambuti, tena zisiingize maji.

Uwazi huohuo unaokausha vidole hukausha visigino pia, na magaga huja haraka. Kila jioni osha kwa sabuni, futa katikati ya vidole, kisha paka mafuta mazito visiginoni. Kati ya vidole usipake. Magaga yakishakuwa manene, loweka dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe. Usikate kwa wembe. Ufa unaotoa damu au usaha upeleke zahanati.