querySelector baada ya kuachana na jQuery: naipa nyota 4

Mi nimekaa na jQuery, ile laibrari ya JavaScript ya kurahisisha kazi za ukurasa, miaka mingi sana, kila mstari dola dola (alama yake ya $), mpaka juzi nafanya saiti ya duka la vitenge nkajiuliza, yani nibebe laibrari ya kama kilobaiti 30, na hapo ishabanwa, eti kwa ajili ya kutafuta vitufe vitatu tu? Nkachukua querySelector, amri ya kutafuta vitu kwenye ukurasa, ambayo imo humohumo kwenye brauza.

Utamu wake ni kwamba kama CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa) unaijua basi ushaijua, ile ".kadi > img" uliyoipangia ukubwa kule kwenye staili ndo hiyohiyo unaipachika kwenye mabano, inakuletea ya kwanza inayolingana, ukitaka zote unatumia querySelectorAll. Na siku hizi hata ".kadi:has(.imeisha)" inakubali, nilizipata kadi zote za mzigo ulioisha kwa mstari mmoja, nilicheka peke yangu.

Sasa balaa. Kitenge cha yadi 6 nilikipa id (jina lake la kipekee kwenye ukurasa) "6yadi", naandika "#6yadi", paap, SyntaxError, yani kosa la uandishi. Nusu saa natafuta mchawi! Kumbe kwenye CSS selekta (maandishi ya kutafutia) ya id haianzi na namba hivihivi, jQuery ilikuwa inanificha tu maana ikiona id ya kawaida inakimbilia kimyakimya getElementById, inayotafuta kwa id yenyewe bila kupitia CSS. Ukikwama andika '[id="6yadi"]' au tumia CSS.escape inayoliandika jina likubalike kwenye CSS, ila bora ubadilishe hilo jina tu.

Alafu ikikosa kitu inarudisha null (yani hakuna kitu), ukiiwekea addEventListener ya kusikiliza mbonyezo skripti inakufa hapohapo. Mwanzo nilikasirika, lakini jQuery ikikosa inanyamaza, unakuja kuambiwa na mteja kitufe hakibonyezeki wiki ya pili. Bora hii inayopiga kelele.

Nyota niliyokata ni ya querySelectorAll. Orodha yake haikui, ukibonyeza "onyesha zaidi" bidhaa mpya zikaingia yenyewe imebaki na zilezile za mwanzo, inabidi utafute upya (getElementsByClassName yenyewe inajiongeza). Na map (ya kutengeneza orodha mpya kutokana na hiyo) haina, forEach ya kupitia kimoja kimoja tu, kwahiyo kila saa Array.from ya kuigeuza iwe orodha ya kawaida, Array.from, inachosha bana.

jQuery nimeiacha kwenye saiti moja ya zamani, ile siigusi.