Programu ya kukata maneno marefu ya Kipolandi: uzoefu wangu

Nimeitumia miezi minne. Unaandika neno, inalikata silabi kwa silabi, yenye mkazo inapakwa nyekundu, kisha unabonyeza usikilize sauti.

Mkazo wenyewe hautusumbui sana sisi Waswahili. Kipolandi nacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unasogea. Kama ki-TA-bu inavyokuwa ki-ta-BU-ni, na-u-CZY-ciel (mwalimu) ikinyambuliwa huwa na-u-czy-CIE-la.

Kinachotuangusha ni hesabu ya silabi. Tumezoea kila irabu ijitegemee: ki-a-tu. Kwa Kipolandi, i iliyobanwa kati ya konsonanti na irabu nyingine kwa kawaida haihesabiwi, kazi yake ni kulainisha konsonanti. Niedziela (Jumapili) ni nie-dzie-la, silabi 3, si 5. Dziewięćdziesiąt (tisini) inatisha kuitazama, kumbe ni dzie-więć-DZIE-siąt, silabi 4 tu. Programu huififisha i hiyo iwe kijivu, na kwa hilo peke yake sijutii hela yangu. Hata konstantynopolitańczykowianeczka, herufi 32, iliikata sawasawa: silabi 12, mkazo kwenye necz.

Inakwama kwenye maneno yanayokaidi kanuni. Polityka, muzyka na matematyka, kwa matamshi sanifu, hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho: po-LI-ty-ka, kama tunavyosema ba-RA-ba-ra tukimaanisha sawasawa, tofauti na ba-ra-BA-ra ya magari. Programu inapaka TY. Vitenzi navyo: zro-BI-liś-my (tulifanya), kwa sababu śmy ni kipachiko ambacho mkazo haukihesabu. Zro-BI-li-byś-my (tungefanya) unarudi hadi silabi ya nne kutoka mwisho. Zote mbili imezikosea.

Kosa jingine ni herufi a na u zikifuatana. Katika au-to (gari) hizo mbili ni silabi moja, na programu imeikariri hivyo popote, ikakata nauka (sayansi) kuwa nau-ka. Sahihi ni na-U-ka, silabi 3.

Sauti, kwa bahati nzuri, zimerekodiwa na mtu, nazo ziko sahihi: unasikia po-LI-ty-ka huku TY ikiwaka nyekundu mbele ya macho yako. Kwa hiyo neno likiishia -yka, -ika, -śmy, -ście au -by, usiangalie rangi. Fumba macho, sikiliza mara tatu, ndipo ulitamke.