Waya ya kuunganisha kompyuta na runinga: ipi ununue kwanza

Jirani yangu hapa Mamboleo alishuka Kisumu mjini Jumamosi, akanunua waya ya HDMI, akafika nyumbani na kukuta kompyuta yake haina tundu la kuichomeka. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, iliyokuwa ya ofisi Uingereza. Nyingi za aina hiyo zina matundu ya picha ya VGA na DisplayPort pekee. Nauli ikapotea bure, na iliniuma. Kabla hujatoka, piga picha nyuma ya kompyuta na nyuma ya runinga, uende nazo dukani.

Ya kwanza ni HDMI kwa HDMI. Kama pande zote mbili zina tundu hilo, usitafute nyingine: picha na sauti hupita humo humo. Kwa runinga ya 1080p, yaani Full HD, waya yoyote nzima inatosha. Kwa 4K, yenye picha kali zaidi, angalia kompyuta kwanza. Tundu la HDMI 1.4, toleo la zamani, hutoa picha 30 tu za 4K kwa sekunde, na utaona kishale cha mausi kikijikokota. Waya ya bei kubwa haitaliponya. Kama vifaa vyote viwili vina toleo la HDMI 2.0, chukua waya iliyoandikwa Premium High Speed, inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde, upate picha 60. Ncha za dhahabu huzuia kutu. Hazing'arishi picha, kwa hiyo usiziongezee hata shilingi hamsini. Urefu nao ununue unaokutosha tu, maana waya ndefu ya bei ya chini huleta vidoa vinavyometameta na skrini kuzimika ghafla.

Ya pili, na ndiyo aliyoihitaji jirani, ni DisplayPort kwenda HDMI. Tundu la DisplayPort limekatwa kona moja tu; la HDMI limebanwa pande zote mbili chini. Mwambie muuzaji wazi: DisplayPort kwenye kompyuta, HDMI kwenye runinga. Waya hizi hupitisha njia moja, ukigeuza hupati kitu. Na tafadhali, ukiichomoa bonyeza kwanza kile kitufe kilicho kwenye kichwa cha DisplayPort, usije ukang'oa tundu zima.

Ya tatu ni USB-C kwenda HDMI, kwa laptopu. Si kila tundu la USB-C hutoa picha, basi beba laptopu yako ujaribu palepale dukani.

VGA iwe ya mwisho. Ni ya mwaka 1987, ina pini 15 na haibebi sauti. Runinga ikiwa na HDMI tu, utahitaji kibadilishi chenye umeme wake wa USB na waya ya sauti kando. Waya tupu yenye VGA huku na HDMI kule haifanyi kazi.

Ukishaunganisha, sauti ikibaki kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya sauti uchague runinga. Kingo za picha zikikatwa, rimoti ya runinga ndiyo ya kuzirekebisha: tafuta Just Scan au Screen Fit.