Kuamua ugomvi wa watu usiowajua: kuingia katikati au kubaki pembeni?

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mitumbwi ikishusha dagaa, ugomvi hauhitaji sababu kubwa. Beseni moja limehesabiwa vibaya, watu wameshikana mashati. Humjui hata mmoja wao. Utafanyaje?

Kuingia katikati kunafaa pale ambapo wote wawili wameshachoka na wanatafuta tu mtu wa kuwaachanisha bila aibu. Dakika moja inatosha. Lakini mpita njia hajui ugomvi ulianzia wapi, wala nani ana kisu cha kukatia nyavu kiunoni. Ukimshika mmoja, umemfunga mikono. Mwenzake anapata nafasi ya kumtwanga, na aliyepigwa anakuhesabu wewe ni adui wa pili. Ndugu zake wakifika hawaulizi. Ukiumia, kuna safari ya polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kwa ajili ya matibabu, na pale kituoni utaulizwa ulikuwa unafanya nini kwenye ugomvi huo. Mashahidi? Kila mmoja aliona lake.

Kubaki pembeni utaitwa mwoga. Ila pembeni si kimya: unapaza sauti, "Jamani, kaka zangu, acheni!", unamtuma kijana mbio kwa mwenyekiti wa mtaa, unapiga 112, namba ya dharura ya polisi. Ni polepole, kweli, na ngumi mbili tatu zitapita kabla mtu hajafika.

Mimi nachagua pembeni, isipokuwa anayepigwa ni mtoto au ameshaanguka chini. Hapo naingia, lakini tukiwa watu wanne.